Kikundi cha Familia: Mwanga wa Chumba cha Bibi

Dada Mkubwa: Assalaamu alaykum nyote. Bibi ameomba chumba chake cha chini kitengenezwe kabla hajarudi kutoka Pemba, kwa sababu hata saa nne asubuhi hulazimika kuwasha taa ndipo aweze kusoma msahafu wake. Fedha tuliyochanga inatosha rangi na vitu vichache tu. Naomba kila mwenye rai aiandike hapa, ili fundi akija tuwe na kauli moja.

Kaka Hamadi: Waalaykumu salaam, dada. Napendekeza tupake rangi nyeupe ya mafuta inayong'aa, na dirisha la uani tulipanue kidogo.

Ami: Waalaykumu salaam, wanangu. Hamadi, dirisha tusiliguse. Mji Mkongwe wetu huu wa Zanzibar umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na ukuta hauvunjwi bila kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Isitoshe, ukuta ule ndio uliobeba boriti za juu. Rangi ya mafuta nayo siiafiki kabisa. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa hewani polepole, kwa hiyo ukiuziba kwa mafuta au saruji, unyevu hukosa pa kutokea, chumvi hujikusanya nyuma ya rangi, na haipiti muda mrefu rangi huanza kufura na kubanduka. Tupake chokaa. Fundi airoweke mapema, aichuje, aunyunyizie ukuta maji, kisha apake tabaka nyembamba kadhaa, akiacha kila moja ikauke kabla ya kuongeza nyingine. Msiwe na wasiwasi mkiona tabaka bichi linaonyesha ukuta ulio chini yake, maana weupe wa chokaa huja inapokauka. Avae miwani na glavu, kwani chokaa huunguza macho.

Shangazi: Ahsante, Ami. Nami naomba sana tuanzie nje ya chumba chenyewe. Dirisha la Bibi linatazama kusini, na mbele yake upo ukuta wa ua uliopanda hadi ghorofa ya juu, hivyo karibu mwanga wote unaoingia kwake umekwisha kuugonga ukuta huo kwanza. Sasa ukuta wenyewe umeota kuvu na umeingia weusi wa moshi wa jiko. Unameza mwanga kabla haujamfikia Bibi. Zanzibar iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na kuanzia mwezi wa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hupita upande wetu wa kaskazini, likaupiga ukuta huo usoni. Ukisuguliwa vizuri na kupakwa chokaa, utaurudisha mwanga ndani ya chumba miezi yote ya kusi. Hata fedha ikipungua, ukuta wa ua upakwe kwanza, kisha mbavu za dirisha, yaani pande za ndani za uwazi wake, kwa kuwa ukuta una unene wa karibu nusu mita na mbavu hizo zikiwa nyeupe husukuma mwanga ndani zaidi.

Halati: Hilo ni neno la haki. Niongeze kwamba kabati la Bibi limeziba robo ya dirisha, na wavu wa mbu wa dirishani umejaa vumbi kiasi kwamba ukipitisha kidole unabaki mstari. Uoshwe kwa sabuni. Pazia zito la buluu liondolewe, tuweke kitambaa chembamba cheupe, na fimbo yake iwe ndefu kuliko dirisha ili pazia likifunguliwa lipumzike ukutani badala ya kufunika uwazi. Chini ya dirisha tutandike mkeka wa ukindu usiotiwa rangi, tuliondoe zulia jekundu, kwa sababu pale ndipo mwanga unapotua kwanza.

Binamu, Maskati: Nikija nitaleta kioo kikubwa, Inshallah. Je, kitundikwe wapi?

Halati: Mwanangu, kioo hurudisha kile kinachokitazama, ukikielekeza kwenye mlango wenye giza, kitakupa giza. Vyumba vyetu ni vyembamba, kwa sababu urefu wa boriti za mikoko huishia kama mita tatu, kwa hiyo ukuta unaolikabili dirisha hauko mbali nalo. Kitundikwe hapo, lakini kisielekee kitanda, maana Bibi amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na mng'ao wa ghafla humuudhi. Nyumba za kale za Lamu ziliweka zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za lipu nyeupe katika chumba cha ndani kabisa, na humo wakapanga sahani za kaure. Naamini hawakutafuta pambo peke yake. Zidaka mbili za Bibi zimejaa chupa za dawa. Dawa zihamie kwenye mtoto wa meza, na sahani zake nyeupe zilizo sandukuni zirudi mahali pake.

Kaka Hamadi: Nimekubali, Ami. Kabati nitalihamisha mimi na vijana. Na dari je?

Ami: Kati ya boriti papakwe chokaa, boriti zenyewe ziachwe. Chokaa inunuliwe leo, ianze kurowekwa.

Dada Mkubwa: Basi Hamadi atanunua chokaa na glavu, Shangazi atasimamia ukuta wa ua, nami nitafua wavu na kushona pazia.