Mtoto amelazwa na anaogopa koti jeupe, nimbebee vitu vya kucheza wodini?

mama_umoja2
Habari zenu wazazi. Kijana wangu wa miaka mitano aligongwa na boda akavunjika mfupa wa paja, saa hii yuko wodi ya watoto hapa Nairobi, mguu umefungwa kamba na uzito unaning'inia mwisho wa kitanda, na ni wiki kadhaa atakaa hivyo. Mfupa sio shida sana, shida ni tangu wamtafute mshipa wakachoma mikono yote miwili, akiona mtu wa koti jeupe, ata kama ni mwanafunzi anapita zake, anapiga nduru mpaka wodi yote inalia. Nilitaka kumpelekea magari yake na rangi achore lakini mama mkwe anasema mtoto ameenda kutibiwa si kucheza, na kuna sista aliniangalia vibaya nikabaki na mfuko mkononi. Kwani kucheza kunasaidia kweli ama nitakuwa nasumbua watu?

sista_wa_usiku
Pole mamaa. Mimi ni nesi wa watoto, beba bila kuogopa. Mtoto wa umri huo ukimwambia sindano ni ya kumsaidia hakuelewi, anaelewa kwa mikono. Tafuta mdoli, omba sista mkubwa wa wodi sirinji mpya isiyo na sindano, pamba na plasta, halafu yeye ndio awe daktari. Ni ile ile kalongolongo, sasa ya hospitali. Anaweza kumdunga huyo mdoli kwa hasira sana, usimkanye, hapo ndio anatoa yaliyo moyoni.
Siku ya kutolewa damu kaa upande wa kichwa umpe mapovu ya sabuni apulize, kupuliza polepole kunalegeza mwili na akili inafuata povu. Na tafadhali usimwambie haiumi!! Sema itauma kidogo halafu itaisha, ukimdanganya mara moja hatakuamini tena.
Beba vitu vya plastiki vinavyooshwa na Jik na maji, vya manyoya vinashika uchafu. Bano (gololi) acha nyumbani, kitanda cha jirani kuna katoto kanaweza kumeza.

mjuaji_wa_githurai
Hizo ni story za hospitali za pesa. Huku kwetu watoto wawili kitanda kimoja na nesi mmoja anakimbia huku na huku, nani ako na time ya mdoli?

mama_lishe_254
@mjuaji_wa_githurai zii boss. Mwongozo wa WHO wa 1999 wa kutibu utapiamlo mkali unataka mtoto achezeshwe dakika 15 hadi 30 kila siku, ni sehemu ya matibabu kama vile maziwa, juu njaa inarudisha nyuma akili sio mwili pekee. Na hao ni watoto wa nani kama si wa maskini? Vitu vyenyewe tunatengeneza na takataka, vifuniko vya soda tunavitunga kwa kamba, chupa ya plastiki inakuwa kayamba (kelele tu ndio utavumilia). Anayechezesha ni mama, nesi anamwonyesha tu mara ya kwanza.

karata_na_drafti
Msisahau wakubwa pia. Msichana wangu ana selimundu (sickle cell, ule ugonjwa wa damu unaoleta maumivu) na akilazwa hataki mdoli, anataka karata na wenzake. Lakini jamani, karata haichukui nafasi ya dawa ya maumivu, akilia niite nesi, sio nimwongezee mchezo.

mama_umoja2
Asanteni aki. Leo amemfunga mdoli mguu na kamba ya kiatu akaning'iniza chupa ya maji mwisho wa kitanda. Daktari wa zamu, akiwa na koti, akamuuliza mgonjwa wako anaendeleaje, akajibiwa "hajalala, na hataki uji." Nduru hakuna. Sasa mapovu mnanunua wapi?

sista_wa_usiku
Usinunue, sabuni ya vyombo na maji kidogo kwa kikombe, kata mrija wa soda. Mwangalie tu apulize, asinyonye.