Mwani wa nywele umevamia matumbawe yanayopona baada ya chila (mashine ya kupoza maji) kufa, nianzie wapi?

mtoto_wa_kizingo

Salaam wakuu. Niko Sharjah, nina tanki la chumvi la lita 300 hivi, matumbawe mchanganyiko. Mwezi wa nane nilikuwa likizo Mombasa nikamwachia jamaa tunayekaa naye alishe samaki, huku nyuma chila ikafa, na AC alikuwa akiizima kila akienda kazini, na wanaokaa huku mnajua joto la mwezi wa nane. Nimerudi nakuta kipimo cha joto la maji kinasoma nyuzi 32 na matumbawe karibu yote meupe pe. Samaki wazima alhamdulillahi.

Sasa yanarudi mdogomdogo. Tumbawe la montipora limeanza kushika rangi ya kahawia, lile la hama (la vichwa kama nyundo) vichwa viwili vinafunguka mchana. Tatizo ni akropora, tumbawe la matawi, nyama imebaki kwenye shina na ncha mbili tatu, katikati mfupa mtupu, na hapo kwenye mfupa umeota mwani wa kijani mrefu, ukiuvuta unakatika mizizi inabaki palepale. Juzi nimemulika na tochi nikaona umeanza kuilalia ile nyama inayotambaa kurudi juu, na ukingo wake pale unapoguswa umeingia ukijivu.

Nimepima naitreti sifuri, fosfeti 0.02, sasa huu mwani unakula nini? Duka moja limeniambia nizime taa siku tatu nimwage dawa ya mwani, duka la pili linasema niweke chenga za chuma za kunyonya fosfeti, tena nyingi. Nianze na lipi?

bi_tanki

Pole kaka. Usianze na lolote kati ya hayo mawili!

Taa usizime. Matumbawe yaliyopauka yamepoteza vile vijimea vidogo mno vya ndani vinavyoyalisha kwa mwanga, na vilivyobaki ndio vinaanza kuzaliana upya, ukiyaweka gizani siku tatu unayanyima chakula yakiwa hoi. Kama taa yako ni kali ishushe kidogo, basi.

Halafu hizo sifuri zako zisikudanganye. Mwani unakula naitreti na fosfeti kabla hazijafika kwenye kichupa chako cha kupimia, kwa hiyo maji yanasoma safi na tanki limejaa nywele. Na fosfeti 0.02 kwa vipimo vingi vya nyumbani ni ndani ya makosa ya kipimo chenyewe, huwezi kusema ipo au haipo. Chakula kimetoka humohumo, nyama yote ile iliyokufa imeoza ndani ya tanki, na mawe yamenyonya fosfeti yanaitoa polepole, na mfupa mtupu ni kiwanja kisicho na mwenyewe, lazima kitu kiote.

Ukimwaga chuma nyingi sasa hivi utaishusha fosfeti ghafla na wa kwanza kuumia ni akropora. Tena tanki likikaa sifuri kwa sifuri ndipo wanapoingia dinoflageleti, ile kamasi ya kahawia yenye vipovu, na hao kuwatoa ni kazi kuliko mwani mara kumi. Mimi ningeacha naitreti ipande kwenye 5 mpaka 10 na fosfeti 0.05 mpaka 0.1, alkaliniti isizidi dKH 8 na isipandeshuke, joto 25 au 26. Na maji ya kuongezea ni yale yaliyochujwa mpaka mita ya TDS (inayopima vitu vilivyoyeyuka majini) isome sifuri, ya bomba hata kama ni ya bahari iliyosafishwa usitumie.

fundi_chumvi

Dada hapo juu kamaliza mambo ya maji, mimi niongeze ya mkono maana mwani wenyewe hautoki kwa kupima tu. Niko Minneapolis, huku tunafuga bahari tukiwa mbali nayo kabisa lol.

Zima pampu zote. Chukua mpira mwembamba wa kunyonyea maji, ule wa kipenyo cha penseli, ufunge na mswaki laini wa mtoto kwa rababendi, ncha ya mpira ikae sambamba na nywele za mswaki. Unaposugua ndipo unaponyonya, kipande hakiruki kikaenda kuota kwingine. Sugua kutoka upande wa nyama kwenda upande wa mfupa, SIO kinyume, usije ukaisukumia nyama uchafu. Pale mwani unapogusa ukingo wenyewe weka mswaki chini, tumia kibano na uvute unyuzi mmoja mmoja, hapo hakuna haraka.

Kama kipande kinatoka majini, kitoe, paka haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ya duka la dawa, kwa brashi ndogo kwenye mfupa tu, acha upana wa kidole kabla ya kufika kwenye nyama. Dakika moja, suuza kwenye ndoo ya maji ya tanki, rudisha. Siku chache mwani unakuwa mweupe na konokono wanaumalizia. Usimimine peroksaidi ndani ya tanki, kama una kamba wale wekundu wa mstari mweupe mgongoni watakufa wao kwanza.

Na matawi yaliyokufa kabisa, yasiyo na nyama hata kidogo, kata kwa koleo. Najua yanauma kuyakata lakini hayo hayarudi, ni shamba la mwani tu. Ukishakata paka gundi nzito ya supagluu kwenye kidonda, nyama ikifika inatambaa juu ya gundi bila shida.

kusi_na_kaskazi

Kabla ya yote atuambie ni mwani gani. Kama ukiutazama kwa karibu una umbo la unyoya, vijiti viwili viwili kila upande, hiyo ni bryopsis na konokono wengi hawaigusi. Dawa yake ni flukonazoli, hii ya fangasi ya watu. Wengi wanatumia kama miligramu 5 kwa lita, kwa tanki lako ni vidonge kumi vya 150. Unatoa kwanza kaboni, mkaa wa kuchujia maji, na unasubiri wiki mbili au zaidi. Mimi nimeitumia na matumbawe hayakushtuka.

fundi_chumvi

Sikatai, ila kwa mgonjwa huyu mimi ningengoja. Mwani ukifa wote kwa pamoja unarudisha majini kila ulichokula, na akropora haina nguvu ya kubeba hilo. Kwanza apunguze kwa mkono.

mzee_wa_kitalu

Vijana salaam. Sina tanki mimi, nimefanya kazi kwenye vitalu vya matumbawe huku Wasini, tunaning'iniza vipande majini vikikua tunavipanda mwambani. Kazi kubwa kule sio kupanda, ni kusugua mwani. Kipande kikikaa bila kusuguliwa kinafunikwa.

Huo ukijivu kwenye ukingo ndio wa kuogopa. Mwani unavuja sukari majini, bakteria wanaila wanaongezeka, wanamaliza oksijeni pale pale unapokutana na nyama, nyama inakosa pumzi. Kwa hiyo usihangaike kung'arisha tanki zima. Linda ukingo, upana wa kidole gumba mbele ya nyama pawe pasafi, na mkondo wa maji upite hapo. Kwingine mwani ukae kwanza.

La pili ni walaji. Jamaica urchini, wale wanyama wa bahari wa duara wenye miiba, weusi wa miiba mirefu, walikufa kwa ugonjwa mwaka 1983 na miamba ikamezwa na mwani. Kwetu Kenya ilikuwa kinyume, samaki vikande walivuliwa mno na ndio wanaokula urchini, urchini wakajaa mpaka wakawa wanautafuna mwamba wenyewe, mtafiti wa miamba ya matumbawe Tim McClanahan ameyachunguza haya miaka mingi. Kwa hiyo weka walaji, ila kwa kiasi.

mtoto_wa_kizingo

Shukran sana wakuu, mzee nimekuelewa. Nimetazama tena, sio unyoya, ni nyuzi tupu laini, kwa hiyo flukonazoli naiacha. Jioni nanunua mswaki. Walaji je, nilikuwa nafikiria samaki tafi yule wa njano mwenye uso mweupe na mweusi, na duka lina urchini wadogo wa rangi ya bluu na miiba myekundu.

bi_tanki

Tafi kwa lita 300 atabanwa, tena akikosa mwani anaanza kudonoa matumbawe. Chukua konokono aina ya trochus kama kumi, akianguka anajigeuza mwenyewe, konokono wa turbo akipinduka mara nyingi anakaa hivyo hivyo mpaka afe aoze. Urchini wa bluu mmoja anatosha, ila gundisha vipande vyote kwanza maana anabeba chochote kilicholegea anatembea nacho mgongoni.

kusi_na_kaskazi

Na chila mpya ukinunua weka na kidhibiti joto cha pembeni kinachotuma ujumbe kwenye simu. Jamaa wa nyumba usimtegemee tena 😂