Mass Effect 2: Kwa nini Mordin alikufa ilhali nilikuwa nimeshaupata uaminifu wake?

Nahodha_Mgeni

Wanajukwaa, salaam. Natanguliza tahadhari kwamba maelezo yangu yanafichua mwisho wa mchezo huu, hivyo ambaye hajaumaliza asiendelee kusoma.

Jana usiku nilikamilisha misheni ya mwisho, ile ya kujitoa mhanga, katika mchezo wa video wa Mass Effect 2, na nimebaki na uchungu ambao sikuutarajia. Nilikuwa nimejiandaa kwa wiki kadhaa. Wenzangu wote 12 walikuwa hai, nilikuwa nimemaliza misheni ya uaminifu ya kila mmoja wao, na chombo chetu, Normandy, kilikuwa na deraya nzito, ngao mpya na mzinga wa Thanix kabla hatujapita lango la Omega-4. Ndani ya ngome ya Collectors, maadui wetu wakuu, nilimtuma Tali apite kwenye bomba la hewa, nikampa Garrus uongozi wa kikosi cha pili, na Samara akatukinga dhidi ya wadudu mpaka tulipofika ng'ambo. Hadi hapo hakuna aliyekufa. Kisha nikamwagiza Zaeed awasindikize wahudumu tuliowaokoa warudi chomboni, na mimi nikaenda kwenye pambano la mwisho pamoja na Garrus na Grunt, kwa sababu niliona kwamba adui mkubwa kuliko wote anastahili kukutana na wapiganaji wakali kuliko wote.

Tulishinda, lakini mwenzetu Mordin, niliyemwacha nyuma pamoja na wengine, hakurudi.

Nimeipitia misheni yake ya uaminifu mara mbili nikitafuta jambo nililolikosea, na sijaliona. Je, uaminifu haumlindi mtu? Vilevile nusu ya wahudumu wa chombo, akiwemo Kelly Chambers, walikuwa wameshakufa tulipowafikia, ingawa nilikuwa nimefanya misheni mbili tu tangu walipotekwa. Naomba anayeufahamu mchezo huu kwa undani anieleze.

Mhesabu_wa_Anga

Pole sana, ndugu. Katika misheni ya Mordin hukukosea lolote. Kosa lilikuwa katika uamuzi wako wa mwisho, na ni kosa ambalo wachezaji makini hulifanya zaidi kuliko wazembe, kwa sababu linatokana na hoja inayoonekana ya busara.

Unapowachagua wawili wa kwenda nawe, mchezo unakufanya ufikirie pambano lililo mbele yako, ilhali kinachopimwa ni nguvu ya wale unaowaacha nyuma wakiulinda mlango. Kila mmoja wao ana alama yake ya ulinzi isiyoonyeshwa popote. Garrus, Grunt na Zaeed wana alama 4 kila mmoja. Miranda, Jacob, Samara, Thane na Legion wana 2. Mordin, Tali, Jack na Kasumi wana 1. Asiye mwaminifu hupunguziwa alama moja. Alama hizo hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa idadi ya waliobaki. Ikiwa walinzi ni watano au zaidi, wastani unatakiwa kufika 2 ili wote wapone.

Sasa tazama ulichokifanya. Uliwaondoa mlangoni wote watatu wenye alama 4, wawili ukaenda nao na mmoja ukamtuma asindikize wahudumu. Waliobaki walikuwa tisa, jumla yao ni 14, na wastani wake ni kama 1.56. Wastani ulio kati ya 1.5 na 2 humuua mtu mmoja, na mpangilio wa kufa unaanza na Mordin, akifuatiwa na Tali, Kasumi na Jack. Kwa hiyo uaminifu wa Mordin ulihesabiwa kikamilifu, ila alama yake moja haikutosha kuziba pengo waliloliacha wengine.

Ningependa pia kukuonya kuhusu suluhisho linalotolewa mara nyingi, yaani kumtuma Mordin awasindikize wahudumu. Ni shauri zuri, kwa kuwa linamwondoa mtu wa kwanza katika mpangilio wa kufa, lakini kwa kikosi chako lisingetosha peke yake. Ukimtuma Mordin, Zaeed akabaki mlangoni, na wewe ukaendelea kwenda na Garrus na Grunt, jumla inakuwa 17 kwa watu tisa, wastani wa takribani 1.89, na safari hii anayekufa ni Tali. Mwache angalau Garrus alinde mlango, mchukue Tali badala yake, na wastani utapanda hadi 2.22. Usiogope kwenda kwenye pambano la mwisho na watu wanaoonekana dhaifu. Aliye mwaminifu akiwa pamoja nawe pale atatoka salama.

Sauti_ya_Normandy

Nami nijibu kuhusu wahudumu, kwa kuwa jambo hilo lina kanuni yake. Wakishatekwa, ukienda kwenye lango la Omega-4 moja kwa moja utawakuta wote wakiwa hai. Ukifanya kwanza misheni moja hadi tatu, nusu yao hufa, na Kelly huwa miongoni mwao. Ukizidisha hapo, anayebaki ni Daktari Chakwas peke yake. Na wote, pamoja na huyo daktari, hufa usipompa mtu kazi ya kuwasindikiza kurudi.

Chanzo cha tatizo huwa ni Legion. Anapatikana katika misheni ileile ya kuchukua Reaper IFF, kifaa cha kutuwezesha kupita lango la Omega-4, na ukishakuwa na kifaa hicho muda wa kutekwa kwa wahudumu unaanza kuhesabiwa. Anayetaka kuwaokoa wote amalize kwanza misheni za uaminifu za wenzake wengine, ndipo akachukue IFF, amwashe Legion mara moja, afanye misheni yake, kisha aelekee langoni. Binafsi naona mpangilio huu unamnyima Legion nafasi anayostahili, kwani mhusika mwenye mazungumzo ya kina kiasi hicho anaingia chomboni wakati safari inakaribia kwisha.

Mlinzi_wa_Lango

Hesabu za Mhesabu_wa_Anga ni sahihi, lakini naomba kutofautiana naye kidogo anapozungumza kana kwamba mchezo umemtendea haki mwenzetu. Katika kazi nyingine zote za misheni hii hadithi yenyewe inakupa dalili. Unaambiwa unahitaji fundi, na wewe unajua kwamba Tali, Legion na Kasumi ni mafundi. Miranda anapojitolea kuwakinga wenzake kwa nguvu za bayotiki (za kusukuma na kukinga vitu bila kuvigusa), umeshawaona Jack na Samara wakifanya makubwa zaidi, kwa hiyo ukimkubali Miranda na mtu akabebwa na wadudu, umevuna ulichopanda. Mlangoni hakuna dalili ya namna hiyo. Mordin si tabibu tu. Alitumikia katika kikosi cha siri cha STG, na hadithi yake inamwonyesha kuwa mtu aliyezoea vita. Mchezaji aliyeisikiliza hadithi hiyo kwa makini ana kila sababu ya kuamini kwamba Mordin anaweza kuulinda mlango.

Hata hivyo, ningekusihi ufikiri kabla ya kurudia. Ukiendelea hadi Mass Effect 3, misheni ya tiba ya genophage, maradhi yanayopunguza uzazi wa jamii ya krogan, itakuwepo hata bila Mordin, kwani mwingine wa jamii yake ya salaria, Padok Wiks, huchukua nafasi yake. Nilicheza hivyo mara moja na sikujuta. Mass Effect 3 ilikuwa na uzito tofauti kwa sababu pengo lile lilitokana na uamuzi wangu mwenyewe. Ningeona ni lazima kurudia kama ungempoteza Tali au Legion, maana pasipo wote wawili amani kati ya geth, jamii ya mashine, na quarian, jamii iliyoziunda, haiwezekani.

Nahodha_Mgeni

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimesoma hesabu zile nikaona aibu kidogo na faraja kubwa, kwa kuwa nilidhani nimemwangusha Mordin katika mazungumzo fulani.

Nimeuheshimu ushauri wa Mlinzi_wa_Lango, lakini siwezi kuuvumilia mwanzo wa Mass Effect 3 nikijua kwamba Mordin alikufa ili mimi niende na watu wawili wakali mahali ambapo ukali wao haukuhitajika. Nina nakala niliyoihifadhi kabla ya kuwachagua wa mwisho. Zaeed ameshaondoka na wahudumu katika nakala hiyo, kwa hiyo nimewaacha Garrus na Grunt mlangoni pamoja na Mordin, na nimewachukua Tali na Jack. Jumla ni 20 kwa watu tisa, yaani wastani wa 2.22. Kuhusu Kelly na wenzake sitarudi nyuma. Misheni zile mbili nilizifanya nikijua kwamba wahudumu wametekwa.

Naingia sasa.

Nahodha_Mgeni

Wote 12 wamerudi.