Mjadala: Je, vyuo vyetu viendelee kuwaambukiza panya malaria ili kupima dawa za mitishamba?

Mtoa mada

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa hoja. Katika vyuo vingi vya Afrika Mashariki, mwanafunzi anayetaka kuonyesha kwamba mti fulani unatibu malaria hupita njia ile ile. Anawadunga panya weupe tumboni seli nyekundu kama milioni 10 zenye kimelea cha Plasmodium berghei, anawanywesha dawa siku 4, kisha anakata ncha ya mkia, anapaka damu kwenye slaidi, anatia rangi ya Giemsa na kuhesabu kwa hadubini seli zenye vimelea. Baada ya hapo wengi huwaacha panya hao ili waone nani atakufa siku ya ngapi.

Kimelea hicho kilipatikana Katanga, Kongo, mwaka 1948, kwa panya wa porini. Malaria inayotuulia watoto inaletwa zaidi na Plasmodium falciparum, na tangu mwaka 1976, kwa kazi ya watafiti Trager na Jensen, falciparum inakuzwa maabara ndani ya damu ya binadamu. Msimamo wangu ni kwamba mchujo wa kwanza ufanyike humo. Mti ukishindwa kukiua kimelea chenyewe cha binadamu, sioni kwa nini panya hamsini waugue kwa ajili yake.

Na hilo la kuhesabu vifo linaniuma zaidi. Panya aliyejikunyata kwenye maranda, manyoya yamesimama, mwili umepoa, hafiki tena kwenye chupa ya maji, ameshatujibu. Tukimwacha mpaka asubuhi ili tuandike "siku ya 8" tunapata elimu gani ya ziada?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nakuheshimu, ila dawa ya mseto tunayomeza imepita kwa panya hao hao. Mwaka 1971 Tu Youyou na wenzake huko China walijua dawa waliyoikamua kwenye mmea wa artemisia inafanya kazi baada ya kuijaribu kwa panya wenye berghei. Wakaenda kwa nyani, na mwaka 1972 wakaimeza wao wenyewe kabla ya kumpa mgonjwa.

Chupa ya maabara unayokuzia falciparum haina ini wala utumbo. Ipo miti ambayo haifanyi kitu mpaka ini liigeuze, na ipo inayoua kila kilichomo chupani lakini ukiinywa hainyonywi. Mchujo wako utazitupa nje dawa nzuri na kubakiza sumu. Halafu hali zetu unazijua: kukuza falciparum kunataka mchanganyiko maalumu wa gesi, seramu na umeme usiokatika. Umeme ukienda Ijumaa usiku, Jumatatu unakuta mabaki.

Mchangiaji wa pili

Ndugu zangu, nyote mnazungumzia kuua kimelea kwenye damu, na kwa swali hilo panya kweli ametusaidia. Shida inakuja kwenye malaria ya ubongo. Aina ya panya inayotumika sana, C57BL/6, akidungwa berghei ya aina ya ANKA huanguka degedege na kufa ndani ya wiki moja hivi. Ukipasua, mishipa ya ubongo ina chembe nyeupe nyingi. Mtoto aliyekufa kwa malaria ya ubongo ana kitu kingine: mishipa midogo imezibwa na seli nyekundu zenye vimelea. Mwaka 2010 watafiti wa malaria kina Nicholas White waliandika wazi kwamba ugonjwa wa panya huyu usichukuliwe kuwa ni ule wa binadamu. Dawa za kuongezea juu ya dawa ya malaria zilizowaokoa panya hazijawaokoa watoto wodini. Hapo ndipo ningeanza kupunguza, kabla hata ya kugusa mitishamba.

Mchangiaji wa tatu

Mimi nafanya kazi kwenye chumba cha panya. Naomba mnisikilize, maana majibu yanaharibikia humu kabla hayajafika kwenye jedwali.

Mwanafunzi anakuja, anaingiza mkono kwenye boksi, watano wa kwanza kundi hili, watano wanaofuata kundi lile. Wa kwanza kukamatwa ni wazito na wagonjwa. Wale wepesi wanabaki mwisho. Kwa hiyo makundi yametofautiana kabla dawa haijaingia. Kupiga kura kwa vikaratasi ni dakika tano tu. Na anayehesabu slaidi ndiye huyo huyo anayejua ipi ni ya dawa yake, naye anatamani sana ifaulu.

Jingine ni kumnyanyua panya kwa mkia. Watafiti Hurst na West wa Chuo Kikuu cha Liverpool walionyesha mwaka 2010 kwamba panya anayebebwa ndani ya kibomba au kwenye viganja hupungukiwa na hofu. Kipande cha bomba la plastiki hakimshindi mtu. Bado pia naona watu wanatafuta dozi inayoua nusu ya panya, wakati OECD, shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya kupima usalama wa kemikali, ilikifuta kipimo cha zamani cha namna hiyo mwaka 2002, na njia mbadala zenye panya wachache zipo.

Mtoa mada

Mchangiaji wa kwanza, la ini nakubali, ndiyo maana nikasema mchujo wa kwanza; panya abaki hatua ya pili. La gesi sikubali. Mwaka 1977 Jensen na Trager walieleza njia ya mshumaa: unaweka visahani vyako ndani ya chombo cha kioo, unawasha mshumaa humo, unafunika, ukikaribia kuzimika unaziba tundu la kifuniko. Hewa inayobaki inatosha vimelea kukua. Na walitumia damu iliyopitwa na tarehe ya matumizi.

Mchangiaji wa nne

Mimi ni mwanafunzi, naomba msaada. Msimamizi wangu anataka safu ya siku za kuishi kwenye jedwali. Nikiiondoa atanirudishia kazi. Nifanyeje?

Mchangiaji wa tatu

Usiiondoe, mdogo wangu. Andika kwenye ombi lako la kamati ya maadili, kabla hujadunga panya hata mmoja, dalili za kukomea: uzito ukishuka asilimia 20, au mwili ukipoa, au asipoweza kusimama. Mpime mara mbili kwa siku. Dalili ikitokea anamalizwa kwa dawa ya usingizi siku hiyo hiyo, na siku hiyo ndiyo unayoiandika kwenye safu.