Gemu ya 7 fainali ya NBA 2025 leo saa 9 usiku, kigimbi cha Haliburton wa Indiana kitahimili?

mtoto_wa_kikwajuni:
Asalaam aleikum wanabarza. Leo usiku kuamkia Jumatatu ndo ngoma yenyewe, Oklahoma City Thunder na Indiana Pacers, wameshinda gemu 3-3, anoshinda ya leo ndo bingwa wa NBA 2025, ligi ya kikapu ya Marekani. Mie toka gemu ya kwanza niko na Indiana, ile Haliburton alivotia zimebaki sekunde 0.3, 111-110, nlipiga ukelele jirani akagonga ukuta. Timu imepoteza mpira mara 25, gemu nzima imeongoza hiyo sekunde 0.3 tu na bado imeshinda, sasa watu kama hawa utawakatia tamaa vipi. Tatizo kigimbi chake cha kulia. Gemu ya 5 kacheza nacho kinauma hakutia hata kikapu kimoja, pointi zake 4 zote za faulo, ya 6 kajikaza dakika 23 katoa pointi 14 wakawafyeka Thunder 108-91. Lakini ile ilikuwa kwao Indiana. Leo ugenini mnaionaje? Na nikeshe au nilale, maana kazini natakiwa saa 1 na nusu.

bin_malindi:
Waaleikum salaam. Mcheza kwao hutunzwa yakhe. Kabla ya hii ya 2025, fainali zilizofika gemu ya 7 zilikuwa 19, mwenye kiwanja kachukua 15. Thunder hawa wameshinda gemu 68 kwenye msimu, Shai wao ndo MVP, mchezaji bora wa msimu, halafu gemu ya 7 si ngeni kwao, mwezi wa 5 Denver waliwafikisha huko huko, Aaron Gordon wao akaingia na msuli wa paja mbovu, watu wakamsifu shujaa shujaa, Denver wakala kipigo 125-93. Lala zako.

chake_mjini:
@bin_malindi hao wane walobaki mbona huwataji? Boston 1969 na 1974, Washington Bullets 1978, Cleveland 2016. Na hiyo 1978 walofungwa nyumbani ni Seattle, ambayo ndo timu hii hii ilohamishiwa Oklahoma 2008. Kwa hivo nyumba ilishawahi kuwaangukia.

Ya 2016 nakumbuka vizuri khasa kwa sababu ilikuwa Ramadhani na gemu ilianza saa 9, wakati wa daku. Mama kaniwekea wali na mchuzi wa papa juu ya meza, mie macho kwenye TV, sahani naiona kwa pembeni, nasema ngoja kota (robo ya gemu) hii iishe, ngoja hii iishe. Adhana ya alfajiri ikaingia kijiko hakijagusa mdomo. LeBron wa Cleveland kamzima Iguodala wa Golden State ubaoni, Kyrie mwenzake LeBron katupia ya pointi tatu, mie nshafunga na njaa yangu. Siku ile mpaka magharibi nlikuwa naona nyota lakini sijutii. Kesha ndugu yangu, leo hata saumu huna.

fundi_wa_jioni:
Nyote mnatazama mguu, tazameni mikono. Gemu ya 6 Thunder wamepoteza mpira mara 21, Shai peke yake 8, mapumziko Indiana washaongoza 64-42, kota ya 4 kochi wa Thunder hakuwarudisha hata hao wakubwa. Haliburton hakuwa wa kwanza kwa pointi Indiana siku ile, wa kwanza alikuwa mwenzake Obi Toppin, 20, katoka benchi! Gemu ya 3 vilevile, Mathurin 27 kutoka benchi na yule mfupi McConnell anaiba mpira hata mtu akiwa anautoa nje ya mstari, kaiba 5. Indiana wanakuchosha kwa zamu, wewe unapumua wao wanaingiza mwengine.

Sasa shida iko hapa. Kule Oklahoma wezi ni Thunder. Caruso, Dort, Wallace, ukibeba mpira kizembe umekwenda. Gemu ya 5 Indiana ndo waloupoteza ovyo na Jalen Williams wa Thunder akawapiga pointi 40. Kwa hivo mie ntaangalia dakika sita za mwanzo tu, nani anapandisha mpira. Akiwa Nembhard, mwenzake wa Indiana, na Haliburton kasimama pembeni kama mtu anosubiri daladala, jua kigimbi hakiko sawa, na hapo Siakam wa Indiana atabebeshwa mzigo wote. Siakam ana pete ya ubingwa na Toronto 2019 haogopi, lakini peke yake hatoshi. Mie nawapa Thunder, na roho yangu iko Indiana.

bin_malindi:
Roho yako Indiana akili yako Thunder, wewe umo kote kote 😂

mtoto_wa_kikwajuni:
Haya nakesha. Ila bando langu halifiki hata kota ya pili, nani ana TV jirani na huku kwetu?

fundi_wa_jioni:
Njoo kwangu, chupa ya kahawa juu yako. Usigonge mlango wa mbele, bibi kalala ukumbini. Na huo ukelele wako wa gemu ya kwanza uache huko huko kwenu.

mtoto_wa_kikwajuni:
Ntatia mto mdomoni.