Nyota akiondoka, timu inapanda au inashuka? Tupeane uzoefu, wapenzi wa kikapu

Wakuu, salaam kwenu.

Mwaka 1999 New York Knicks waliingia mtoano wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, wakiwa nafasi ya nane kanda ya Mashariki, yaani ya mwisho ya kufuzu. Wakafika fainali ya kanda dhidi ya Indiana Pacers, na baada ya mechi ya pili, matokeo yakiwa 1-1, Patrick Ewing akatolewa na jeraha la kano ya kisigino. Huyu ndiye senta, yaani mchezaji mrefu wa chini ya kikapu, aliyeibeba timu ile tangu 1985. Kila mtu aliona safari imekwisha. Mechi ya tatu Larry Johnson akafunga mtupo wa pointi tatu huku akichezewa rafu, akaongeza mtupo huru, na Knicks wakaishia kuwatoa Pacers kwa mechi 4-2 (anayefikisha ushindi nne ndiye anayepita). Hakuna timu ya nafasi ya nane iliyokuwa imewahi kufika fainali ya NBA kabla yao. Miaka miwili baadaye mwandishi Bill Simmons akaieneza "nadharia ya Ewing": kwamba zipo timu zinazocheza vizuri zaidi nyota wao asipokuwepo.

Wanaoipenda nadharia hii husahau kumalizia hadithi. Kwenye fainali Knicks walikutana na Tim Duncan na David Robinson wa San Antonio Spurs, warefu wawili, wakafungwa 4-1. Hapo ndipo pengo la Ewing lilipoonekana, chini ya kikapu kabisa.

Mimi naamini timu inaweza kupanda, ila kwa masharti, na masharti hayo nataka kuyasikia kwa waliokuwa uwanjani. Usituambie tu "tulicheza kwa umoja". Tuambie nani alichukua mpira, nani alimkaba nani, wapinzani walibadilisha nini, na hali hiyo ilidumu mpaka lini. Karibuni.

Pointi Gadi Mzee

Mkuu, umenigusa. Timu yangu ilimpoteza mfungaji wetu katikati ya ligi, alihama. Alikuwa hodari kweli, simvunjii heshima. Lakini mashambulizi yetu yalikuwa ya aina moja: napandisha mpira, nampa pembeni, sisi wanne tunasimama kumtazama.

Alipoondoka hatukuwa na wa kumtazama. Ikabidi tukimbie, tukatane njia, tuwekeane vizuizi. Mpira ukawa unapita mikono mitatu au minne kabla ya mtupo. Kuna jamaa wa kona tuliyekuwa tukimwona mbovu wa mitupo ya mbali, ghafla akaanza kuingiza. Mitupo yake ilikuwa ileile, ila sasa alikuwa anaugusa mpira mara kwa mara, mikono ikiwa ya moto. Zamani angeweza kumaliza robo nzima bila kuushika, halafu anapewa saa ya mtupo ikiwa imebaki sekunde chache, halafu lawama zake.

Tukashinda mfululizo, hata timu zilizokuwa zinatufunga. Kisha mzunguko wa pili ukaja. Wapinzani walikuwa wameshaturekodi. Wakagundua wawili kati yetu hatutupi mbali, wakawaacha hao na kujaza watu ndani. Hapo ndipo tulipomkumbuka ndugu yetu, kwa sababu yeye hata ukimzibia njia alikuwa na uwezo wa kufunga peke yake. Tulimaliza msimu tukiwa palepale tulipokuwa siku anaondoka.

Rebaundi Kwanza

Sisi tulishuka, na naomba tusidanganyane. Nacheza timu ya wanawake. Senta wetu alichanika kano ya goti, na wiki ileile watu walianza kunituma habari za Knicks kunifariji.

Kilichotuumiza hakikuwa pointi zake. Pointi tuligawana. Kilichotuumiza ni kwamba yeye alikuwa anakabwa na watu wawili kila akipokea mpira, kwa hiyo mimi na wenzangu tulikuwa tunatupa bila mkono usoni. Alipokosekana, mitupo ileile tuliyoizoea ikawa na mtu mbele yake. Juu ya hapo, kila mpira uliogonga chuma ukawa wa wapinzani, na ukikosa rebaundi, yaani kuudaka mpira uliokosa kikapu, huwezi kukimbia mashambulizi ya haraka, maana mpira huna.

Mnaosema nyota ni mzigo, kumbukeni Cleveland Cavaliers. Na LeBron James walishinda mechi 61 msimu wa 2009-10. Alipoondoka, msimu uliofuata walishinda 19, na ndani yake walipoteza 26 mfululizo. Akarudi, akaondoka tena 2018, wakatoka ushindi 50 hadi 19. Nadharia ya Ewing hapo mtaiweka wapi?

Mwalimu wa Vijana

Dada, pole sana, na umesema kweli. Mimi ni kocha, na nadhani tunachanganya mambo mawili: kumpoteza nyota na kubaki na shimo, na kumpoteza nyota ukapata watu.

Denver Nuggets walimwachia Carmelo Anthony aende New York Februari 2011 wakiwa na rekodi ya 32-25, yaani ushindi 32 na vipigo 25. Baada ya hapo walikwenda 18-7. Watu wakashangilia nadharia. Lakini Denver walipokea Danilo Gallinari, Wilson Chandler, Raymond Felton na Timofey Mozgov, wengi wao wachezaji wa kuingia uwanjani moja kwa moja. Timu iliongezeka kina. Hata hivyo mtoano ulipofika, Oklahoma City Thunder waliwatoa 4-1 raundi ya kwanza.

Mfano unaoniumiza kichwa zaidi ni Toronto Raptors, kwa sababu Kawhi Leonard aliondoka 2019 wakiwa mabingwa na hawakupata mtu badala yake. Msimu wa ubingwa walishinda 58 kati ya 82. Msimu uliofuata, 53 kati ya 72, kiwango kikubwa zaidi. Siri ilikuwa imeonekana mapema: Kawhi alikuwa anapumzishwa mara kwa mara, na katika mechi 22 alizokosa msimu ule walishinda 17. Wenzake walikuwa wameshajifunza kuishi bila yeye huku bado wakiwa naye. Ila walitolewa na Boston Celtics nusu fainali ya kanda, mechi ya saba, na sina shaka mechi ya namna ile ndiyo aliyokuwa anatafutiwa Kawhi.

Kwangu mimi, nilikuwa na kijana aliyetupa karibu kila mpira na hakukaba mtu. Tulikuwa tunamficha kwenye ulinzi wa zoni, ambapo kila mmoja analinda eneo badala ya mtu. Alipohamia timu nyingine nikarudi kukaba mtu kwa mtu, tukawa timu ngumu kufungwa. Kwa hiyo nikiulizwa, nasema: tazama kwanza ulinzi. Timu ikipanda baada ya nyota kuondoka, mara nyingi imepanda upande ule ambao magazeti hayautazami.

Jezi Kumi na Moja

Mimi ndiye nyota mwenyewe. Samahani kwa kujiita hivyo, ila ndivyo nilivyochukuliwa kwenye timu yangu. Niliumia kifundo cha mguu nikakaa benchi muda mrefu, na timu ikashinda bila mimi.

Mtu asikuambie ni rahisi. Unafurahi kwa wenzako, na moyo unauma hapohapo. Lakini ukiwa benchi unaona uwanja mzima. Niliona mdogo wetu mmoja akipenya kwa mkono wa kushoto na kutoa pasi ya kona, kitu ambacho sikujua anakiweza. Alikuwa hajapata nafasi ya kukifanya nikiwa uwanjani, kwa kuwa mpira ulikuwa mkononi mwangu.

Tatizo lilianza niliporudi. Wenzangu walikuwa wamekua, na hakuna aliyetaka kurudi kusimama kona. Ndiyo maana nawaelewa Boston. Mwaka 2018, nyota wao Kyrie Irving na Gordon Hayward wakiwa majeruhi, vijana kina Jayson Tatum na Jaylen Brown waliwafikisha mechi ya saba ya fainali ya kanda. Mwaka uliofuata wote wawili wamerudi, wakatolewa 4-1 na Milwaukee Bucks raundi ya pili. Kwetu kilichosaidia ni kocha kunianzisha pembeni badala ya juu, anapoanzia mpandisha mpira, mdogo akapandisha mpira, mimi napokea ulinzi ukiwa umeshavurugika. Pointi zangu zilipungua kidogo na ushindi ukaongezeka.

Mleta uzi

Jezi Kumi na Moja, asante kwa ujasiri. Ulichokieleza kipo hata kwenye hesabu. Mwanafizikia Brian Skinner aliandika mwaka 2010 akilinganisha mashambulizi ya kikapu na msongamano wa magari: ukifunga barabara kuu, wakati mwingine magari yote yanafika haraka, kwa kuwa kila dereva alikuwa anaikimbilia ileile. Mtupo wa nyota ni mzuri, lakini kadiri unavyotumiwa zaidi ndivyo ulinzi unavyouzoea na ubora wake unavyoshuka.

Nami niongeze Memphis Grizzlies, msimu wa 2021-22. Bila nyota wao Ja Morant walikwenda 20-5. Kwenye mtoano akaumia dhidi ya Golden State Warriors. Bila yeye walipoteza mechi ya nne 101-98, wakashinda ya tano 134-95, wakatolewa ya sita. Ushindi wa pointi 39 unaonyesha timu hai. Kipigo cha pointi tatu, baada ya kuongoza muda mwingi, ndicho kinachonionyesha nyota ni wa nini.

Pointi Gadi Mzee

Umenena. Na Chicago Bulls je? Nyota wao Michael Jordan alipostaafu 1993 walishuka kutoka ushindi 57 hadi 55 tu, watu wakasema hakuhitajika. Walitolewa raundi ya pili. Alirudi, na msimu wa 1995-96 wakashinda 72 na kombe. Tofauti ya ushindi mbili haikuwa kipimo.

Nahodha Mpya

Shikamooni. Nimesoma yote. Nyota wetu anaondoka msimu huu ukiisha na mimi ndiye nitakayekuwa nahodha. Mwalimu, mpira wa mwisho nimpe nani?

Mwalimu wa Vijana

Marahaba mwanangu. Usiamue kwa mdomo, wala usichague kwa sababu fulani anafunga sana mazoezini. Cheza mazoezini dakika mbili za mwisho mkiwa nyuma kwa pointi tatu, kila mara mpira uanze kwa mtu mwingine, na mkabaji wa pili amjie kwa kushtukiza. Tazama nani anamwona mwenzake aliye huru wakati amebanwa. Halafu tazama nani anaingiza mitupo huru akiwa amechoka, maana mwisho wa mechi za karibu huamuliwa na rafu.

Nahodha Mpya

Ahsante mwalimu. Tuna wawili wanaofaa kwenye la kwanza. La pili hatujawahi kulipima tukiwa tumechoka, mitupo huru tunaitupa mwanzoni mwa mazoezi. Nitamwomba kocha aihamishie mwisho.