Banda la kwanza la kuku nyuma ya nyumba

Swali: Ndugu wafugaji, familia yetu inatarajia kuanza na mitetea sita. Banda liweje ili wasibanane wala kuvamiwa na vicheche usiku?

Jibu: Hongereni sana. Mita za mraba 2.5 zitawatosha, mradi mchana wapate uwanja wa kuparura. Wavu uwe imara, wenye matundu madogo, na ufukiwe ardhini sentimita 30 hivi, kwa kuwa wanyama hao huchimba.

Jibu: Naongeza suala la hewa, ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi: matundu ya hewa yawe juu ya vichanja vya kulalia, kwani kinyesi chenye unyevu hutoa amonia inayoumiza macho na mapafu. Mkiinama usawa wa kuku mkasikia harufu kali, badilisheni maranda siku hiyohiyo.

Muulizaji: Tunashukuru. Na chanjo?

Jibu: Anzeni na ya kideri, ugonjwa huo hauna tiba.